Mbuzi makofi mawili, mbuyu makofi matatu: nilipofikia na kimchezo changu cha maneno

Programu yangu ya kukata maneno kwa silabi imekubali jamani! Saa saba kasoro usiku, feni ya laptopu inalia kama mashine ya kukoboa, nyumba nzima wamelala, na mi niko sebuleni peke yangu nacheka na kioo. Mbuzi imekatwa mbu-zi, mbuyu imekatwa m-bu-yu, na hakuna niliyoiandika kwa mkono. Wiki tatu nimegombana na herufi mbili tu, m na b. Tatu!

Mchezo wenyewe ni huu, unachukua neno refu unatafuta vijineno vilivyojificha ndani yake. Toleo la kwanza, la kuokota herufi mojamoja, lilishaisha kitambo na silisemi sana, ila lile la kondoo lazima nilitubu hapa. Nilitumia majina ya mitaa ya Dar kama maneno makubwa, nikaipa programu Kinondoni, ikanirudishia ndoo, dini, mambo mengine, na kondoo. Nikafurahi, kondoo Kinondoni, nikamtumia mpwa wangu. Yule mtoto ana miaka tisa, kanijibu kwa sauti: "Anko, kondoo ana o tatu, Kinondoni zipo mbili." Daah. Nilikuwa nauliza tu kama herufi imo, siulizi zimo ngapi. Nikahamia kuhesabu kwa Counter, kihesabio cha lugha ya programu ya Python, herufi za neno dogo unazitoa kwenye za neno kubwa, ikipungua hata moja neno halipiti. Mistari minne. Na kabla ya hapo, nikiwa mjinga zaidi, nilikuwa napanga herufi upya kwa kila namna inayowezekana alafu naangalia kama kimetokea neno, ambayo kwa Dar es Salaam yenye herufi 11 ni namna 39,916,800, hata ukiondoa zinazojirudia bado 831,600, na hapo ni maneno ya herufi zote 11 tu, mafupi hujayagusa. Laptopu ilipata moto nikaiwekea sahani chini. Anayeanza aanzie kwenye orodha ya maneno aje kwenye neno kubwa, asianzie kwenye neno kubwa, atajuta.

Basi toleo hilo likawa tamu kweli. Mbagala ina balaa, ina gamba, ina lamba. Manzese ina meza, mzee na neema. Kariakoo ina kikao, kioo, kiraka na kaka, na ukikumbuka jina lenyewe ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, watu wakaikanyaga mdomoni mpaka ikawa Kiswahili, unaona lile neno limeshazoea kukatwakatwa. Dar es Salaam nzima ina darasa, madrasa, msaada, salama, na mpaka Madale imo humohumo. Nilishapanga hatua zinazofuata: pointi, saa ya kuhesabu, kitufe cha kushea, alafu niiweke kwenye simu za Android.

Alafu Mama akaja kutoka Tanga.

Mama alifundisha darasa la kwanza mpaka akastaafu. Alikaa kwenye mkeka anachambua mchele, mpwa wangu anamwonesha mchezo, akaangalia kidogo akaniita. "Mwanangu, hizi herufi mbona unazivuruga kama dengu? Nani anasoma hivi? Mtoto anasoma ba be bi bo bu." Nikamwambia Mama ndo mchezo wenyewe ulivyo. Akasema sawa, lakini huo ni mchezo wa watu wanaotaja herufi mojamoja, sisi tunataja silabi. Akachukua Kijitonyama akaikata pale pale kwa kidole juu ya ungo: ki, ji, to, nya, ma. Kijito. Kinyama. Kito. Kima. Nyama. Maji. Bila kushika kalamu.

Yani pointi, saa, Android, vyote vikafia hapo. Usiku huohuo nikafungua faili jipya.

Na kusema kweli kwa silabi ni utamu mwingine kabisa, maneno yanatoka machache lakini yanatoka mazima, hayana harufu ya kulazimishwa. Kigamboni inakupa mboni na gani. Buguruni inakupa buni na gubu. Ubungo inatoa ungo, na bungo, hiyo ya kunyonya na chumvi. Tandale inatoa leta na tanda. Tabata kwetu hapa kuna bata, tumeridhika.

Kukata silabi za Kiswahili unadhani ni kazi ya dakika tano maana silabi zetu zinaishia na irabu: unatembea na neno, ukikuta a e i o u unakata, basi. Ya kukopa kama daktari na maktaba yanataka dawa yake, hayo nimeyaweka pembeni. M ikifuatwa na konsonanti inasimama peke yake, m-to-to, m-pi-ra, m-ge-ni, freshi. Nikaandika hiyo kanuni nikaenda kulala na amani yangu.

Asubuhi naamka, mbuzi imekuwa m-bu-zi.

Nikasema ah, basi mb ni kitu kimoja, nikairekebisha. Mbuzi ikapona, mbuyu ikaugua, ikawa mbu-yu. Nikairudisha, mbuzi ikaugua. Mvua na mvuvi nao vilevile, mvu-a ya silabi mbili, m-vu-vi wa silabi tatu. Nikaanza kusema maneno kwa sauti kwenye daladala kama mtu aliyechanganyikiwa, mbegu, mbovu, mboga, mbaya, abiria wa pembeni akahamisha begi lake. Na ubaya wake kwa macho hakuna tofauti yoyote! Herufi zilezile, mpangilio uleule, ila mdomo unajua na programu haijui.

Mama hakuona tatizo. Alimwita mjukuu wake akamwambia piga makofi. Mbuzi, makofi mawili. Mbuyu, makofi matatu. Mbu, mawili. Mtoto hajakosea hata moja, hajawahi kufundishwa hiyo kanuni, hata jina lake haijui. Mimi mtu mzima na laptopu yangu nimekaa natazama mikono ya mtoto. Nikamuuliza Mama, unajuaje? Akasema: "Si ndivyo linavyotamkwa?" Asante sana Mama.

Jaribio la kwanza la maana: ngeli. Nikajiambia mbuyu ni u-/i-, mbegu ni i-/zi-, kwa hiyo ngeli ndo ufunguo. Nikatumia Jumamosi nzima kupachika ngeli kwenye maneno yanayoanza na mb na mv. Saa kumi jioni nikafika kwenye mbuzi. Mbuzi huyu analala, mbuzi hawa wanalala. A-/wa-, sawasawa na mvuvi. Jumamosi yangu ikaliwa na mbuzi.

Jaribio la pili rejeksi, yani kanuni za kutafuta mpangilio wa herufi, vile vistari na mabano vinavyoonekana kama mtu kakalia kibodi. Watu wanaozipenda wazipende, mi kila nikirudi baada ya siku mbili siijui hata niliyoiandika mwenyewe. Ikabuma.

Kilichonifungua ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Mama, ile ya 1981, jalada lilishatoka limeshikwa na plasta. Nilikuwa natafuta mbuni. Mbuni yupo ndege, mbuni upo mti wa kahawa, mbuni yupo mtu anayebuni. Nikavisema kwa mdomo: ndege ni mbu-ni, makofi mawili. Mti, m-bu-ni, matatu. Mtu, matatu. Nikavisema kwa wingi: mbuni wengi wanakimbia, mibuni, wabuni. Nikakaa kimya kidogo. Ndege habadiliki! Mti na mtu m yao inaondoka inaingia mi au wa. Kumbe nilikuwa naangalia upatanisho wakati jibu liko kwenye wingi wa neno lenyewe. Mbuzi anabaki mbuzi. Mbuyu unakuwa mibuyu. Mvuvi anakuwa wavuvi, mbaya anakuwa wabaya, mbegu inabaki mbegu.

Na sababu yake ukiifikiria ipo wazi. Ile m ya mtu na mti zamani ilikuwa mu, ndo maana Msukuma mpaka leo anasema munhu, ndo maana ikikutana na irabu inakuwa mwa na mwe. U imeanguka lakini nafasi yake ya kofi imebaki, kama mtu aliyehama akaacha kiti. Ile ya mbuzi na mbegu haikuwahi kuwa na u, ni pua tu imegandana na b. Nimelipenda hili kuliko programu yenyewe.

Basi kanuni saivi iko hivi: neno likianza na mb au mv, toa m, weka mi, weka wa, angalia kwenye orodha. Likiwepo mojawapo, m inasimama peke yake. Halipo, imegandana. Na ikibaki silabi moja tu kama mbu au mvi, m inasimama kwa lazima. Orodha nimeitoa kwenye kikagua tahajia cha LibreOffice, ni bure, na kwa kazi hii inatosha ingawa ina takataka zake.

Takataka zenyewe zikaniumbua ndani ya dakika kumi. Mvua ikaanza kukatwa m-vu-a. Kwanini? Kwa sababu mle ndani kuna wavua, kama mtu anavyosema wavua viatu mlangoni. Programu ikaona mvua mmoja, wavua wengi. Nimeandika kijifaili cha maneno yaliyokatazwa, mpaka sasa yako saba, naona aibu kidogo. Vitenzi vyenye m katikati kama kumbeba vimefukuzwa kabisa kwenye mchezo, maana kumbuka ni ku-mbu-ka na kumbeba ni ku-m-be-ba na hapo sina nguvu tena.

Pia nilipoteza ng'ombe wote kwa siku mbili. Orodha inatumia ritifaa, ile alama ya juu ya ng', iliyonyooka, simu ya mpwa wangu inaandika iliyopinda, kwa macho zinafanana lakini kwa kompyuta ni vitu viwili mbalimbali. Kila anachoandika chenye ng' kinakataliwa. Zibadilisheni zote ziwe moja kabla hamjafanya kingine chochote.

Majina ya mitaa ndo yamebaki mwiba, kwa sababu mtaa hauna wingi. Mbagala nimeiacha mba-ga-la. Shida ni Mburahati. Raha imo, hati imo, hilo halina ubishi. Lakini m ikisimama peke yake unapata na bu, na ukishapata bu unapata buti, tibu na hatibu, pointi zote hizo. Ikigandana hupati hata moja. Jana mpwa wangu aliandika buti, programu ikamkatalia, akaja juu. Nikamwambia piga makofi. Akapiga matano. Mama akapiga manne. Mtoto akasema bibi amekosea, bibi akasema yeye amefika Mburahati kabla mama yake mtoto hajazaliwa.

Leo asubuhi nikapitia kituoni makusudi nimsikilize konda. Anaita Mburahati haraka haraka sana, mara moja naisikia mbu, mara moja naisikia m halafu bu, mara ya tatu kaita Mabibo. Nimerudi nyumbani sina jibu. Mama, bila kuinua macho kwenye mchele, kasema: "Mpe buti. Tibu mnyime."