Ngozi Ikilegea: Igizo la Barabarani, Iringa hadi Tukuyu

Basi linashusha mizigo Igumbilo, kule chini barabara kuu inakopita, na mji wenyewe wa Iringa uko juu mlimani. Ngoma tatu, turubai, betri, spika na mfuko wa mavazi haviingii kwenye bajaji, kwa hiyo tulikodi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Mwenye gari aonyeshwe mzigo wote kabla ya kupatana bei. Akisikia "ngoma tatu" atawaza vingoma vya shule, na mkifika juu atadai nauli nyingine, tena kwa haki. Kwenye gari ngoma hulazwa ubavu, katikati ya mifuko laini, ngozi isiguse bati. Kwenye buti la basi ikae mbali na upande wa injini, maana joto la saa saba mfululizo hukausha ngozi ya mbuzi hadi ikachanika pembeni, palepale kwenye vigingi.

Tulikuwa sita, igizo la dakika 35, safari ya kwenda Mbeya kwa wiki ya Nanenane, maonyesho ya wakulima. Hatukuwa na mwaliko wowote. Mtindo huu una jina kubwa ng'ambo: mwaka 1947, Edinburgh huko Uskoti, makundi manane ya maigizo yalikuja bila kuitwa kando ya tamasha kubwa lililokuwa linaanza mwaka huo, yakajitafutia kumbi. Mpaka leo upande huo wa pembezoni hauna kamati ya kuchagua nani aonyeshe. Anayepata mahali na kulipa gharama zake anaonyesha. Ukumbi unaweza kuwa chumba cha juu cha baa. Kwetu ukumbi ni ukuta wa ghala na kivuli cha mwembe, au mkaratusi ukipanda juu kidogo.

Kutoalikwa si kukosa karatasi, lakini. Kundi linasajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na igizo la jukwaani linaguswa pia na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Halafu kuna barua ya afisa utamaduni wa halmashauri, nakala kwa mtendaji wa kata na kituo cha polisi kilicho karibu. Barua itaje tarehe, saa, idadi ya wasanii, kama kuna spika, na mahali hasa. "Mbeya mjini" si mahali. Ukihamisha onyesho mita mia tatu unaweza kuwa umeingia kata nyingine, na mtendaji wa huko hakujui.

Iringa mwezi wa saba mwishoni ni upepo. Unakuja kutoka mashariki na kusini mashariki, mkavu, na mchana mzima haupumziki. Mara ya kwanza kufika huku watu wa Pwani hutundika pazia la shuka nyuma ya waigizaji. Ndani ya dakika tano linakuwa tanga na nguzo zinalala. Tuliliacha kwenye mfuko tukatafuta ukuta. Saa kumi jioni jua liko magharibi likielekea kaskazini, kwa hiyo watazamaji tuliwasimamisha mgongo kwa jua, wakitazama mashariki, na waigizaji wakasimama upande wa ukuta. Jua likawamulika usoni kama taa, upepo ukitokea nyuma yao ukabeba sauti kwenda kwa watu. Ukigeuza mpango huo unapoteza vyote viwili: watu wanakunja macho, na maneno yanarudi kooni. Bila spika, mstari wa mwisho usizidi mita nane. Wakiongezeka, panua duara kwa pembeni, usiongeze mistari nyuma.

Kuna pumzi pia. Iringa iko karibu mita 1,600 juu ya bahari, Mbeya zaidi kidogo. Mchezaji aliyezoea kuruka Bagamoyo dakika sita mfululizo, hapa dakika ya nne anahema mdomo wazi, na hewa kavu inamkwaruza koo. Tulikata ngoma ya ufunguzi kutoka dakika sita hadi tatu na nusu kwa siku mbili za kwanza, na maji ya vuguvugu yakawa nyuma ya ukuta. Mstari wa kwanza wa igizo ulikuwa "Kamwene!", salamu ya Kihehe. Wakiitika, unajua sauti imefika nyuma. Wasipoitika, sogea mbele kabla hujaendelea.

Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na kwa ngoma ni safari ya misimu mitatu ndani ya siku moja. Mafinga kuna misonobari na ubaridi wa kuvaa makoti mawili. Makambako, reli ya TAZARA inapokutana na barabara, upepo tena. Halafu barabara inateremka Igawa hadi bonde la Usangu, madirisha yote yanafunguliwa, watu wanavua masweta, mchele unauzwa pembeni pale Chimala, na ngoma ndani ya buti inajikaza peke yake. Ukiigonga Igurusi inalia kama kopo. Saa mbili baadaye, Uyole, imeshuka tena. Ndiyo maana hatukazi ngoma siku ya safari. Anayekaza vigingi asubuhi Iringa atakuta ufa Usangu.

Mbeya wiki ya kwanza ya Agosti watu wako viwanja vya maonyesho vya John Mwakangale, nasi tulikaa nje ya uzio, njia ya watu wanaorudi. Hapo adui si upepo, ni spika za matangazo kutoka pande zote. Kushindana nazo kwa sauti ni kuchoma betri bure. Tulichofanya ni kusikiliza kwanza robo saa: matangazo yana zamu zake, muziki, maneno, muziki. Sehemu za maneno mengi tukazihamishia nyuma ya kona ya jengo, mgongo wa spika ulipo, na sehemu za ngoma na mwili zikabaki njiani kukusanya watu. Kwa hiyo igizo moja lilichezwa sehemu mbili, hatua arobaini mbalimbali, watu wakitembea na ngoma ndogo. Tulipoteza labda robo yao njiani. Waliofika walikaa hadi mwisho, na hao ndio wanaotunza, yaani wanaotoa pesa.

Jua la Mbeya huchelewa kuzama kama dakika kumi kuliko la Iringa, usitegemee sana. Saa moja na robo giza limeingia na baridi imeshika vidole. Kwa onyesho la usiku tulikuwa na betri ya volti 12, ampea-saa 100, inveta, taa mbili za LED za wati 50 na spika ya wati 80. Hesabu yake: betri ina kama wati-saa 1,200, lakini ya asidi usiitumie kupita nusu, hivyo 600. Matumizi ni wati 180, na inveta nayo inakula sehemu yake. Una saa mbili na nusu za kuaminika, chini ya hapo kidogo kwa sababu ya baridi. Jenereta ni nafuu ya umeme na hasara ya igizo, kwani mngurumo wake hauna zamu. Kila nguzo ya taa ifungwe mfuko wa mchanga wa kilo kumi miguuni.

Kutunza kuna utaratibu wake. Watu wetu hupenda kumfuata mchezaji katikati na kumbandika noti usoni, jambo zuri kwenye ngoma na baya kwenye igizo, hasa mhusika akiwa anakata roho. Tukaweka wakati maalumu, baada ya pigo la mwisho, ngoma zikiendelea taratibu, mmoja akizunguka na ungo. Lipa namba, ile ya kulipia kwa simu, iliandikwa kwenye boksi kwa tarakimu za urefu wa kiganja, maana jioni ya baridi mikono iko mifukoni na simu ndiyo inayotoka. Mapato tunagawa mafungu manane: sita ya watu, moja nauli, moja la ngoma. Fungu la ngoma haliguswi, hata mtu akilia njaa.

Kutoka Uyole tulishika barabara ya Kyela, milima ya Uporoto, viazi, ukungu, kisha Kiwira na migomba mpaka Tukuyu. Mvua ya huku haina adabu ya kiangazi. Hata mwezi wa nane inanyesha manyunyu, na ngozi inakunywa unyevu huo wote. Ngoma kubwa iliyolia "di" Iringa ikatoa "bu", kama godoro linapigwa.

Dawa ni moto wa majani makavu au maboksi, si mkaa. Mkaa unachoma sehemu moja. Shika ngoma mshazari, ngozi ielekee moto umbali wa mkono mmoja, uizungushe bila kusimama, na kila dakika igonge kwa kidole katikati, kisha pembeni. Pembeni hukaza kwanza. Sikio likidanganyika hapo utaacha mapema. Dakika saba hadi kumi zinatosha. Ngozi ikitoa harufu ya nywele kuungua, umeshapitiliza. Kwa ukungu wa Tukuyu sauti hiyo hudumu kama nusu saa tu, na igizo letu ni dakika 35, kwa hiyo pigo zito likasogezwa mwanzo na moto ukaachwa uwake pembeni mwa duara. Ule moto uliita watu kuliko spika. Watoto walikuja kuota, mama zao wakafuata watoto, na "mugonile" ya kwanza, salamu ya Kinyakyusa, ikaitikiwa kabla hatujaanza.

Usiku mpigaji alitaka kuzifunika ngoma kwa nailoni sebuleni. Bibi mwenye nyumba akamzuia.

"Mwanangu, ukizifunga hivyo zitatoka jasho. Huku ngoma hailali sebuleni."

"Ilale wapi, bibi?"

"Jikoni. Wewe unafikiri mahindi yangu yanakauka wapi?"

Zikapandishwa darini juu ya mafiga, ngozi zikiangalia ukuta, kuni za jioni zikimalizikia chini. Nailoni kweli hufungia unyevu uliomo tayari ndani ya mti. Saa kumi na mbili asubuhi kubwa ililia vizuri bila moto, ikinuka moshi, na harufu hiyo haikutoka hata tulipoishusha tena Usangu.