Saa ya ukutani

Tangu utotoni neno nililoambiwa zaidi ni "jikaze". Mwenzangu akichapwa darasani, mimi ndiye niliyelia. Nilipokua nilijifunza kuyaficha machozi, lakini mengine yalibaki pale pale. Kikao kirefu kazini kiliniacha kichwa kinagonga, na mtu akinisimulia shida yake, naibeba wiki nzima kama yangu.

Usingizi ulipoanza kunipaa nilimwendea mshauri nasaha. Alikuwa mtu mwema, sina shaka, ila kila nililomweleza alilijibu kwa mazoezi ya kunikomaza: kaa kwenye kelele hadi uzoee, usiwaze sana. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nimechoka kuliko nilivyoanza, na sasa nikajiona nimeshindwa hata kutibiwa. Nikaacha kwenda.

Ndipo nilipokutana na maelezo ya Elaine Aron, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanza kuichunguza hali hii ya kuwa na hisia nyepesi miaka ya 1990. Yeye hukadiria kwamba watu 15 hadi 20 katika kila 100 huzaliwa na mfumo wa fahamu unaopokea mambo kwa undani zaidi, yaani sauti, mwanga, hata sura ya mtu aliyekasirika. Huwaza sana kabla ya kutenda na huelemewa mapema. Si ugonjwa. Nilisoma sentensi hiyo mara kadhaa.

Ila hapa nataka nieleweke vizuri, maana nami nilikaribia kupotea: kujua hivyo hakukunirudishia usingizi. Nilikuwa na mambo mawili yaliyofungamana. Wepesi wangu wa kuguswa ni maumbile. Wasiwasi ulioninyima usingizi ni tatizo, na hilo hutibika. Mshauri wa kwanza aliyatibu yote mawili kama kitu kimoja.

Nilipotafuta mwingine nilimpigia simu kwanza nikamuuliza, "Mtu mwenye hisia nyepesi akija kwako, unakusudia kumbadilisha?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nakusudia alale. Alivyo, tutajifunza naye." Nikaomba miadi.

Siku ya kwanza kulikuwa na saa ukutani. Tik, tik, tik. Nilijitahidi kumtazama usoni, lakini macho yalinitoroka mara moja tu kwenda kwenye ile saa. Akaona. "Inakusumbua?" Nikakana haraka, kama nilivyozoea. Akainuka taratibu, akaishusha, akatoa betri na kuilaza mezani kifudifudi. Kisha akaendelea na swali lake. Hakunitaka nieleze kwa nini inanikera. Nililia hadi nikashindwa kumjibu, naye akaniacha nilie.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda polepole, na ule upole ndio uliokuwa tiba. Dakika kumi za mwisho hatukufungua jambo jipya, ili nisitoke na kidonda kibichi. Baada ya miadi nilikaa peke yangu nusu saa, simu imezimwa. Kwa wasiwasi wenyewe alinifundisha kuandika wazo linaloniamsha usiku, kisha kulipima: lina ushahidi gani? Na kila nilipofika nimeelemewa aliniuliza swali lile lile: "Hili ni lako, au umelibeba la mwenzako?" Mwanzoni swali hilo liliniudhi, nikaona kama ananifundisha ubinafsi. Ilinichukua miezi kutambua kwamba mabega yangu hujibu kabla yangu. La kwangu huniuma kifuani. La mwenzangu hukaa mabegani.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na watafiti Michael Pluess na Ilona Boniwell kuhusu wasichana wa shule nchini Uingereza waliopewa mafunzo ya kujikinga na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Walionufaika ni wale wenye hisia nyepesi zaidi. Kwa hiyo wepesi ule ule unaotuumiza huweza kutufanya pia tuipokee tiba kwa urahisi, ikiwa ni tiba inayotufaa. Laiti ningelijua hilo wakati ule nilipojiona nimeshindwa.

Wiki iliyopita dada yangu alinipigia usiku, analia kuhusu ndoa yake. Nilimsikiliza hadi akatulia, tukaagana. Nikayagusa mabega yangu: yamepanda. Nikayashusha, nikaandika mistari mitatu kwenye daftari, nikazima taa. Asubuhi nilimpigia mimi, sauti yangu ikiwa imepumzika, nikamuuliza amelala vipi.