Jina la Tatu

Jina la ukoo wetu sitaliandika hapa, kwa sababu tunaolitumia Pemba nzima tu wachache mno, na kulitaja ni sawa na kumfikisha msomaji barazani kwetu. Itoshe kusema kwamba ni nisba kama Barwani au Mazrui, ila ya ukoo mdogo ambao hata wazee wa Mjini huuliza mara mbili wanapoisikia.

Tumelelewa tukiambiwa kwamba jina hilo lilikuja na babu aliyetoka Omani. Bibi yangu, ambaye ni shangazi yake marehemu baba, huitaja nasaba yetu kwa ghibu, fulani bin fulani bin fulani, hadi mtu wa tano, hapo husita, akaivuta leso yake begani na kusema, "Hapa ndipo nilipofunzwa, mjukuu wangu." Katika majina yote hayo nisba haimo. Baba aliandikishwa skuli kwa jina la babu yake, ami akaandikishwa kwa nisba, na hivyo ndugu wa tumbo moja wakawa na majina ya mwisho mbalimbali hadi kwenye vitambulisho vyao.

Ami ndiye aliyeihifadhi hati ya shamba letu la mikarafuu. Imeandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, wino umegeuka rangi ya kahawia na pembe moja imeliwa na mchwa. Mwalimu wa chuo cha Kurani alitusomea polepole, kidole kikifuata mistari: muuzaji ametajwa kwa nisba yake kamili, na mnunuzi, yule mtu wa tano wa bibi, ametajwa kuwa ni "huru wa" muuzaji huyohuyo, yaani aliyekuwa mtumwa wake akaachwa huru.

Baada ya kimbunga cha 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba, iliyosalimika kwa sehemu kubwa, ndiyo iliyobeba zao hilo, na wachumaji wengi walikuwa watumwa. Amri ya kufuta utumwa ya Sayyid Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar, ya Aprili 1897 haikumwachia kila mtu papo hapo. Aliyetaka uhuru alipaswa kwenda kuudai, na masuria, yaani watumwa wanawake waliowekwa kinyumba na mabwana wao, hawakuhusishwa hadi 1909. Wengi walibaki karibu na mabwana wao wa zamani, na wako waliochukua nisba zao, kwa kuwa mtu asiyekuwa na ukoo alikuwa na shida ya kukopa, kuoa na hata kupata wa kumzika. Kwa upande mwingine, mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana alikuwa huru, akirithi na kubeba nisba kama ndugu zake. Vizazi vitatu baadaye wote hao wanaitwa jina moja, na kitambulisho hakiwezi kueleza nani alilipata kwa njia ipi.

Ami hakupendezwa. "Mwanangu, haya yana faida gani, na posa ya mdogo wako iko mlangoni?" Namwelewa, maana kwetu wenye kuposa na wenye kuposwa huulizana ukoo kabla ya kazi (na wanaouliza sana, kwa niliyoyaona, ndio wenye hati zisizofunguliwa). Hata hivyo, kwangu mimi mtu aliyenunua ardhi kutoka kwa aliyekuwa akimmiliki ana haki zaidi ya kusimuliwa kuliko huyo baharia wa Maskati ambaye hakuna karatasi inayomtaja.

Sasa nimehamia kwenye mipaka ya shamba. Hati inataja upande wa kibla (kaskazini) njia, upande wa suheli (kusini) bonde la mpunga, na upande wa matlai (mashariki) shamba la mke wa mnunuzi, aliyeandikwa kwa jina lake pekee, bila "binti" wa mtu yeyote. Kumbe alikuwa na mikarafuu yake kabla mumewe hajanunua. Bibi anasema jina hilo aliwahi kulisikia Mtambwe, kwa watu ambao hatujawahi kuwaita jamaa, na amekubali nimpeleke huko vuli likimalizika.