Delos kwa Meli: Safari Inayopangwa na Upepo

Anayetaka kufika Delos, kisiwa cha magofu ya kale huko Ugiriki, aulize upepo kabla ya kuuliza nauli. Julai na Agosti visiwa vya Cyclades hupigwa na meltemi, upepo mkavu wa kaskazini unaovuma mbingu zikiwa safi bila wingu. Ukizidi, vyombo huzuiwa kutoka bandarini. Kwa hiyo nilichagua meli kubwa ya magari kutoka Piraeus, bandari ya Athens: saa tano hivi hadi Mykonos, kisiwa jirani cha Delos, wakati boti za kasi huchukua karibu tatu, lakini haiyumbi sana na abiria huruhusiwa kukaa sitahani. Kwa mwenye kichefuchefu cha bahari, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Kutoka uwanja wa ndege wa Athens, metro ya mstari wa 3 hufika Piraeus moja kwa moja, kama saa nzima. Malango ya bandari yameandikwa E1 hadi E12 na mengine yako mbali. Hakikisha lango lako mapema. Meli haimsubiri mtu.

Mykonos, meli kubwa hutia nanga bandari mpya ya Tourlos, ilhali mashua za Delos huondokea bandari ya zamani, mjini, umbali wa kilomita mbili hivi. Wengi huikosa mashua hapo. Nilipanda ya asubuhi kabisa, kabla upepo haujapata nguvu. Safari ni nusu saa.

Delos haina kivuli. Beba maji lita mbili, kofia yenye kamba na viatu vilivyofunika vidole, maana njia ni mawe tupu. Umati hukimbilia kwenye simba wa marumaru. Mimi nilishika kulia, mtaa wa ukumbi wa maonyesho, ungali mtupu. Katika Nyumba ya Vinyago, sakafuni, Dionysos, mungu wa mvinyo wa Wagiriki, amempanda chui. Inama uangalie: manyoya na misuli ya mnyama yote imepangwa kwa vijiwe vidogo, rangi moja ikififia ndani ya nyingine.

Utajiri huo ulitokana na bandari. Mwaka 166 KK Roma iliifanya Delos bandari isiyotozwa ushuru, na Strabo, mwanajiografia wa kale, aliandika kwamba iliweza kupokea na kusafirisha watumwa elfu kumi kwa siku. Kwa anayeijua Mkunazini, Unguja, palipokuwa na soko la watumwa, gati lile halipitwi haraka.

Baadaye panda kilima cha Kynthos, mita 112. Kileleni upepo unasukuma kweli. Ukivuma sana, ishia katikati. Simba uwaache mwisho: walio nje ni nakala, na ziwa takatifu walilolitazama lilikaushwa miaka ya 1920 kwa sababu ya malaria.

Kulala kisiwani ni marufuku, basi uliza saa ya mashua ya mwisho ukiwa bado unashuka. Na usikate tiketi ya ndege kwa siku ileile ya kurudi Piraeus. Acha siku moja katikati, upepo ukiamua kukuzuia.