Panya wanapona, mjomba bado

Jana nilienda Nanyamba kumuona mjomba. Nikamwamkia shikamoo mjomba, akajitahidi weee ikatoka "ma...haba" na mate kidogo pembeni, mkono wa kulia umelala tu pajani kama sio wake. Nimerudi Mtwara mjini usiku, usingizi hamna, nimeshika simu nasoma mambo ya kiharusi mpaka bando likakata, nikaunga lingine.

Siku yenyewe alitoka kuswali alfajiri, kikombe cha uji kikamdondoka, mdomo ukaenda upande. Watu wakasema upepo huo, wakamkanda na mafuta, wakasubiri atulie, mi napigiwa simu saa sita mchana. Bodaboda mshikaki mpaka barabarani, afu gari ya kuungaunga mpaka mjini. Siti skani ikaonyesha bonge la damu limeziba mshipa, haujapasuka, na daktari akawa na swali moja tu, ilianza saa ngapi? Maana dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida mwisho wake masaa manne na nusu. Sisi tulishamaliza masaa kumi.

Sasa kilichoninyima usingizi ni kwamba kuna watu wanahangaika na dawa nyingine kabisa, sio ya kuzibua mshipa, ni ya kuulinda ubongo usife wakati bado unasubiri kuzibuliwa. Kumbe mshipa ukiziba sio kwamba kila kitu kinakufa palepale. Katikati ndo panakufa haraka, ila pembeni yake pana eneo linapata damu kidogo ya kuokoteza kwenye mishipa ya jirani, yaani ni kama ule umeme mdogo tunaoujua, taa inawaka nyekundu, friji linaunguruma ila haligandishi, umeme ukikaa sawa mapema linapona, ukichelewa limeungua hilo. Na seli zinazokufa hazifi kimya, zinamwaga kemikali inaitwa glutameti, inazitia wazimu seli za jirani, kalisiamu inaingia ndani kwa fujo, nazo zinakwenda. Jeffrey Saver wa Marekani alipiga hesabu mwaka 2006 kwamba mshipa mkubwa ukiziba zinakufa seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Nikafungua kikokotoo nizidishe kwa masaa ya mjomba, nikakifunga.

Basi wakawa wanatafuta dawa ya kuufunga huo mlango. Mwaka huohuo 2006 kuna waliohesabu njia zote zilizojaribiwa wakakuta 1,026, na 114 zimefika mpaka kwa binadamu. Kwa panya zinafanya kazi vizuri tu! Kwa watu, hola. Dawa moja inaitwa NXY-059 ilileta shangwe 2006, mwaka uliofuata wakairudia kwa wagonjwa wengi zaidi, shangwe ikaisha. Na ukifikiria huyo panya wa maabara ni kijana, hana presha, hana sukari, dawa anapewa kabla hajabanwa mshipa au dakika chache baadaye na aliyembana yupo hapohapo na saa mkononi. Mjomba ana miaka 67, presha anaijua toka zamani, dawa anameza akikumbuka, na msimu wa korosho ndo hakumbuki kabisa.

Iliyoniuma zaidi ni magnesiamu salfeti. Nikampigia binamu yangu muuguzi wa zahanati usiku uleule, akasema "we kaka, si hii tunayowachoma wajawazito wenye kifafa cha mimba?" Hiyohiyo. Kule Los Angeles walichukua watu 1,700 ndani ya ambulansi, kama nusu wakapewa hiyo, nusu dawa ya kuzuga, wengi ndani ya saa la kwanza, bila kusubiri skani, maana hii haijali ni bonge au mshipa umepasuka, wakati ile ya kuyeyusha ukimpa mtu anayevuja damu umemmaliza. Hapo nilishaanza kuota, dawa ipo kabatini zahanati, anachomwa sindano, ndo safari ya mjini inaanza. Majibu yalitoka 2015, baada ya miezi mitatu waliopewa na wasiopewa walikuwa sawasawa. Nilikasirika kama vile nimeibiwa.

Ila mi naona hawa watu wasiache, maana dawa ya namna hiyo Los Angeles ingewasaidia dakika, huku kwetu ingebeba masaa.

Leo asubuhi nimempigia mjomba, mkewe akamuwekea simu sikioni, nikamsimulia habari za panya wanaozibwa mishipa na kupona. Kimya. Nikadhani simu imekata. Mara nikasikia anacheka, afu kwa shida kabisa, neno mojamoja, "Sa...maki... nchanga?"

Samaki nchanga huku kwetu ndo panya wa kuliwa. Mjomba kataka kujua kama huwa wanaliwa baadaye.