Vitabu vya kukaa navyo: namna ya kusoma wasia

Vitabu vitatu vilivyowalea wasomaji wengi wa Kiswahili havikuanza kama vitabu. Kimoja, Utendi wa Mwana Kupona, ni maneno ya mama mgonjwa kwa bintiye. Cha pili, Maisha Yangu, ni maneno ya karani wa forodha aliyefiwa na mke, akibaki na watoto wa kulea. Cha tatu, Sauti ya Dhiki, kilitungwa gerezani kwa siri, juu ya karatasi za chooni. Vyote vitatu ni wasia, na wasia hausomwi kwa mwendo wa riwaya. Anayevikimbiza huvimaliza kwa jioni mbili na asibaki na kitu, kisha akasema vimepitwa na wakati.

Tuanze na Utendi wa Mwana Kupona, kwa kuwa ndio unaofundisha njia ya kusoma vile viwili vingine.

Ulitungwa mwaka 1858. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Alikuwa ameshikwa na maradhi kwa mwaka mzima, na bintiye Mwana Hashima alikuwa kigoli wa kuozwa. Utendi una beti 102. Kila ubeti una mistari minne, kila mstari mizani, yaani silabi, 8. Mistari mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne una kina cha -ye kinachorudi tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatiye

Yaani: sogea karibu, binti yangu mwenye miaka michache, usikilize wasia, huenda ukauzingatia.

Sasa hesabu mizani kwa vidole, maana hapa ndipo kazi inapoanzia. Ne-ge-ma-wa-ngu-bi-n-ti: nane. Ukiitamka “binti” kwa silabi mbili, kama wengi wetu tunavyofanya tunapoongea haraka, utapata saba na mstari utachechemea. Ile “n” inasimama peke yake. Hali kadhalika “m” ya “mchachefu”. Ukilizoea hilo katika ubeti wa kwanza, beti nyingi zinazofuata zitajifungua zenyewe.

Hesabu hiyo pia ndiyo kipimo cha nakala. Utendi ulihifadhiwa kwa hati za Kiarabu, ukanakiliwa mara nyingi, na nakala hazifanani neno kwa neno. Zile zinazozunguka mtandaoni zina tatizo jingine: mnakili anakutana na neno la Kiamu, lahaja ya Lamu, anadhani ni kosa, analisahihisha liwe la Kiswahili sanifu. “Upulike wasiati” ikigeuzwa “upulike wasia”, mizani inashuka hadi 7 na kina cha -ti kinapotea. “Ukazingatiye” ikiandikwa “ukazingatie”, mizani inabaki 8 lakini kina cha bahari, kile cha -ye kinachorudi kila ubeti, kinavunjika. Kwa hiyo kabla ya kuianza nakala yoyote, chukua beti kumi za katikati, si za mwanzo, uzipime mizani na vina. Zikiwa na makosa matatu au manne, itafute nyingine. Toleo la Alice Werner na William Hichens la mwaka 1934 na lile lililomo katika mkusanyo wa J. W. T. Allen wa mwaka 1971 yana maelezo ya maneno, na maktaba nyingi za vyuo vikuu zina walau moja kati ya hayo.

Kiamu kinawatisha watu bure. Mabadiliko machache yanakuvusha sehemu kubwa ya njia. Palipo na “ch” ya sanifu mara nyingi utakuta “t”: macho ni mato. “Nj” huwa “nd”: njaa ni ndaa, njoo ni ndoo. “J” huwa “y” au hudondoka kabisa: moja ni moya, maji ni mai. “Vi-” huwa “zi-”: vitu ni zitu. Na “l” baina ya irabu hupenda kupotea, ndiyo maana mbele ni mbee. Andika mabadiliko haya kwenye kikaratasi, ukiweke kama alama ya ukurasa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu itakusaidia kwa maneno ya asili ya Kiarabu kama sanati na wasiati ukiyatafuta kwa umbo lake la sasa, lakini maneno mengi ya Kiamu huyakuti humo.

Mwendo unaofaa ni beti tatu kwa siku. Kwa hesabu hiyo utendi mzima unachukua siku 34. Siku ya kwanza soma beti tatu kimya ili kuona kina. Zisome tena kwa sauti, taratibu, ukiweka pumzi mwishoni mwa kila mstari. Mara ya tatu andika pembeni kwa penseli maana yake kwa Kiswahili chako mwenyewe, si tafsiri ya kitabuni. Kisha funga kitabu uziseme. Kesho yake, kabla ya beti mpya, zirudie za jana. Penseli ni muhimu, maana utarudi kufuta ulichoandika. Ubeti uliouelewa vibaya siku ya tano utakuja kuelezwa na ubeti wa siku ya ishirini.

Kosa kubwa zaidi hutokea karibu na zile radhi tano, pale mama anaposema kiumbe anahitaji radhi ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume. Beti zinazofuata zinaeleza namna ya kumtunza mume, na kabla kidogo ya radhi hizo kuna onyo la kutochanganyika na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Wasomaji hugawanyika hapo hapo. Wengine hulichukua kila neno kama amri ya leo, wengine hukifunga kitabu kwa hasira. Wote wawili wameacha kusoma. Huyu ni mwanamke wa tabaka la watawala, katika jamii iliyomiliki watumwa, anayejua kwamba karibuni bintiye atabaki bila baba wala mama, na radhi ya mume ndiyo kinga itakayobaki duniani. Katika daftari, chini ya beti hizo, jibu maswali matatu: neno hili linamlinda nani? Lilimgharimu nani? Lipi ninalishika, lipi naliacha, na kwa sababu gani? Jibu la tatu liandikwe kwa sentensi kamili. “Sikubaliani” peke yake si jibu. Wapo wachambuzi wanaoona hata mzaha wa chini kwa chini katika picha ya mume anayetunzwa kama mtoto. Zisome tena beti hizo ukiwa na wazo hilo, uamue mwenyewe.

Na usiruke dua. Sehemu kubwa ya mwisho wa utendi ni mama akimwomba Mungu afya na ulinzi wa watoto wake. Wanaotafuta “mafunzo” huziruka beti hizo kwa kuona hazina nasaha. Lakini humo ndimo hofu iliyozaa nasaha zote inapoonekana wazi, na bila hofu hiyo zile nasaha zinasikika kavu.

Baada ya hapo ndipo Maisha Yangu ya Shaaban Robert inapokuwa na utamu wake. Wengi hukisoma kwa ajili ya kisa: kazi ya forodha aliyoifanya kuanzia 1926 hadi 1944, safari za kuhamishwa, kifo cha mkewe Amina. Ndani yake kuna tenzi mbili, Hati kwa binti na Adili kwa mwana wa kiume. Hati inaanza kwa baba kumwita binti aketi aandike wasia, na msomaji aliyetoka kwa Mwana Kupona, ambaye naye anamwita bintiye aje mbele na wino na karatasi, atajua mara moja Shaaban Robert anaitikia sauti ya nani. Fungua Utendi wa Mwana Kupona na Hati pamoja, wa mama kushoto, wa baba kulia, uandike ni mambo gani yanabaki na yapi yamebadilika. Lugha ni nyepesi zaidi, kwa hiyo unaweza kwenda beti tano kwa siku. Hatari yake ni wepesi huohuo. Mistari yake inakaa vizuri kwenye ujumbe wa WhatsApp, na mstari uliotengwa na ubeti wake hugeuka methali ya mtu yeyote.

Sauti ya Dhiki ni shughuli nyingine kabisa. Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa mwenye miaka 22, alikamatwa mwaka 1968 kwa sababu ya karatasi iliyoitwa Kenya: Twendapi?, akafungwa hadi 1972. Diwani ilichapishwa 1973. Hapa mizani ni 16 kwa mstari katika mashairi mengi, 8 na 8, kwa hiyo pumzi inakatwa katikati. Jaribu mstari huu:

Siwati nshishiyelo, siwati, kwani niwate?

Si-wa-ti-n-shi-shi-ye-lo: nane. Si-wa-ti-kwa-ni-ni-wa-te: nane. Ni Kimvita, lahaja ya Mombasa. Kuwata ni kuacha, na nshishiyelo ni lile nililolishikilia. Utaona “ch” imegeuka “t” kama kule Lamu, kwa hiyo kikaratasi chako bado kinafaa. Sema mstari huo kwa sauti mara kumi, polepole, kabla ya kusoma maelezo yoyote ya siasa za Kenya. Mtu aliyefungiwa peke yake anahitaji maneno yanayoweza kukaa kichwani karatasi ikinyang'anywa, na kinywa chako kitaelewa hilo kabla ya akili.

Mashairi ya mafumbo kama Mamba na Jipu yanaharibiwa na haraka ya kufumbua. Msomaji anafika mstari wa pili, anasema mamba ni serikali, amemaliza. Mpe mnyama haki yake kwanza. Orodhesha kila sifa aliyopewa: anakaa wapi, anajivunia nini, anasahau nini. Jipu nalo, fuata maumivu yake kama mtu aliyewahi kulipata. Orodha ikikamilika ndipo uulize ni nani mwingine mwenye sifa zote hizo. Ikiwa sifa mbili hazimwingii mtu uliyemdhania, fumbuo lako ni bovu, anza upya. Mnazi: Vuta N'kuvute, shairi la majibizano ya Alii na Badi, lisomwe na watu wawili, mmoja Alii, mwingine Badi, kisha mbadilishane. Anayelisoma peke yake humpa haki yule aliyemtangulia kumpenda.

Miongozo ya mitihani iachwe hadi mwisho. Si mibaya kwa kazi yake, lakini ukianza nayo utakuta dhamira zimeshapangwa kwa nambari, na jicho lako litatafuta hizo tu.

Ukimaliza kila kimoja, andika tarehe kwa penseli ndani ya jalada la nyuma, na chini yake ubeti mmoja ulioukataa, si ule ulioupenda. Ukirudi baada ya miaka mitano, anzia hapo.