Mazoezi ya Mafuriko Mshomoroni

Oktoba 2023 kila redio ya Pwani ilikuwa ikizungumzia mvua za El Niño, na wazee wetu walikuwa bado wakiikumbuka ile ya 1997. Mtaani kwetu Mshomoroni, huku Kisauni, Mombasa, mzee wa mtaa aliitisha baraza. Kabla ya Magharibi mpango ulikuwa tayari: maji yakipanda, tangazo litolewe kwa kipaza sauti cha msikiti, kisha kila mtu ashike njia ya duka la mikate hadi shuleni, huko juu.

Mimi natembea kwa magongo tangu utotoni, baada ya kuugua polio. Nikanyoosha mkono. Nilimkumbusha mzee kwamba Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na ibara ya 11 inataka tulindwe majanga yanapotokea. Mfumo wa Sendai nao, mpango wa mataifa wa kupunguza hatari za majanga uliopitishwa Japani Machi 2015, unatutaja miongoni mwa wanaofaa kushiriki kupanga mipango yenyewe.

"Sasa wataka nini, mwanangu?"

"Nataka tuujaribu, baba. Jumamosi, na sisi tukiwemo."

Jumamosi ikafika, kipaza sauti kikalia: "Tokeni! Tokeni!" Watu wakamiminika njiani. Fundi wetu wa cherehani, ambaye ni kiziwi, alikuwa barazani kwake ameupa mtaa mgongo, mguu kwenye pedali, anamalizia buibui la mteja. Wote walimpita. Alipovutwa kanzu na mwanawe mdogo ndipo akageuka na kukuta njia tupu. Alikasirika, na ilikuwa haki yake. Mikono ilimwenda mbio, binti yake mkubwa akitutafsiria: "Baba asema, ingekuwa usiku mngemkuta amelala ndani ya maji." Hakuna aliyejibu. Ibara ya 54 ya Katiba inampa haki ya kutumia lugha ya ishara, lakini mkalimani tuliyekuwa naye mtaa mzima ni yule mtoto wa shule.

Kisha Maalim, ambaye haoni na amesomesha watoto wetu chuoni miaka mingi, akakataa kupita duka la mikate.

"Sikizeni. Ndia hii ndiyo ya kwanza kuzama. Mtaro umeziba pale pembeni, mvua ikinyesha kidogo tu nasikia maji yakirudi nyuma. Pitieni kisimani."

Kijana mmoja aliyeshika ramani kwenye simu akabisha. Mzee wa mtaa akaenda mwenyewe kuchokoa mtaro kwa fimbo: mifuko, chupa, matope hadi juu. Njia ikabadilishwa papo hapo. Mpaka leo nikikumbuka hilo nafurahi, maana kwenye daftari la baraza Maalim alikuwa ameandikwa "wa kusaidiwa".

Shuleni kila darasa lilikuwa na vidato mlangoni. Vijana wawili wakanijia wanibebe, nikakataa. Kubebwa kunataka mwenye nguvu awe karibu, na usiku wa mafuriko mwenye nguvu anaokoa wanawe kwanza. Seremala akaleta mbao tukaweka mteremko. Kisha nikaomba kuona choo. Mlango ulikuwa mwembamba, mtu hapiti na magongo mawili. Ningelazimika kuyaacha nje nitambae sakafuni. Nililisema hilo mbele ya wanaume wote. Mwanamke hawezi kulala mahali siku kadhaa bila kwenda chooni.

Mvua kubwa zilikuja Novemba. Usiku maji yalipoingia majumbani, jirani alimmulikia fundi tochi dirishani kama tulivyokubaliana, na familia yote ikatoka. Njia ya duka la mikate ilizama mapema. Tulipita kisimani, Maalim akituongoza gizani, fimbo ikigonga mawe anayoyajua.

Mteremko ulitufaa. Choo kilikuwa vilevile. Mwanamke anayetumia kiti cha magurudumu, kutoka mtaa wa pili, alikaa kutwa nzima bila kugusa maji ya kunywa ili asihitaji kwenda. Nilikaa kando yake, hasira imenijaa. Mvua ilipopungua nikaazima futi ya fundi, nikamwita mzee wa mtaa, tukapima mlango ule pamoja na kiti cha yule dada, naye akitusomea vipimo. Seremala alikuwa palepale. Nikamkabidhi karatasi mkononi.